Kiangazi Kipi? Uchambuzi wa kisa cha matangi matatu ya maji kisiwani

"Wananchi watachangia nguvu kazi wakati wa kiangazi, na matangi yote matatu yatakamilika kabla ya masika." Sentensi hiyo iliandikwa katika muhtasari wa mkutano wa kijiji, kwenye kisiwa kidogo cha pwani yetu, Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023. Ilisomwa kwa sauti, ikapitishwa bila pingamizi, kisha ikatiwa saini na mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kijiji na mratibu wa mradi aliyekuwa ametoka Dodoma. Wiki mbili baadaye niliisoma mimi mwenyewe, mezani kwangu hapa Dodoma, kwa kuwa nilikuwa nimeombwa kuwa mshauri wa mradi huo, nami nikaweka alama ya kuridhika pembeni mwake. Miezi kumi na sita ilipita bila hata tangi moja kusimama, ingawa fedha zilikuwapo, saruji ilinunuliwa, fundi alipatikana, na wanakijiji waliyataka matangi hayo kuliko sisi tuliokuwa tukiyapangia.

Nimeliacha bila jina shirika lililogharimia mradi, na kisiwa vilevile, kwa sababu wahusika wapo na wanaendelea na shughuli zao. Itoshe kusema kwamba kisiwa kiko mahali fulani kati ya Pemba na Mafia, na kwamba mtu mwenye afya hukizunguka kwa miguu akarudi alikoanzia kabla ya adhuhuri. Ardhi yake ni jiwe la matumbawe lenye udongo haba. Maji matamu ya visima vyake ni utando tu wa maji ya mvua unaoelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya jiwe, na kadiri mvua inavyokawia ndivyo utando huo unavyokonda na maji yanavyozidi kuwa na chumvi, mpaka chai ya asubuhi hainyweki. Hapo mwenye uwezo hununua maji yanayoletwa kwa chombo kutoka bara katika madumu ya lita 20, na asiye na uwezo hunywa chumvi yake.

Wazo la mradi lilikuwa kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye mapaa matatu ya bati, yaani ya shule, ya msikiti na ya zahanati, kwani nyumba nyingi nyingine zimeezekwa kwa makuti. Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Paa lenye mita za mraba 200, likipata milimita 300 tu katika majira mazima, huangusha lita 60,000, na hata tukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya maji yanayomwagika na yale ya kwanza yanayosafisha bati, hubaki lita 48,000. Kwa hiyo ugumu wa kisa hiki haukuwa kwenye hesabu.

Neno moja, majira mawili

Mratibu wa mradi alizaliwa na kukulia katika kijiji kimoja cha Chamwino, nami ni mtu wa Mpwapwa. Sisi sote wawili tumelelewa na mwaka wenye mvua moja. Dodoma hupata wastani wa mvua usiofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, pengine ikikatika Februari kwa wiki mbili tatu na kuwaacha wakulima wakitazama juu. Wapo wanaopanda kavu kabla ya tone la kwanza ili mbegu isipitwe. Januari na Februari ni miezi ya palizi, na katika mwaka mbaya ni miezi ya njaa pia, kwa kuwa ghala limekwisha nao mtama ungali mchanga, na baadhi ya akina baba huondoka kwenda kuhemea. Mei na Juni uwele na mtama huvunwa. Kuanzia hapo mwaka hufunguka: mahari hulipwa, harusi hufungwa, vijana hupelekwa jandoni, tembe hukarabatiwa, ngoma huchezwa hadi alfajiri, na mkutano wowote unaoitishwa hujaa watu. Kipindi hicho, tangu Juni hadi Novemba, ndicho tunachokiita kiangazi, na miezi ya mvua tunaiita masika. Mtu wa Dodoma akisema kwamba kazi ya pamoja ifanyike kiangazi, anasema jambo ambalo halihitaji hata kujadiliwa.

Kwa mtu wa kisiwani, masika ni mvua za Machi hadi Mei, kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba, na kiangazi ni lile joto la Januari na Februari, ambalo huanza hata Desemba vuli ikiisha mapema. Tofauti hii si siri ya mtu yeyote. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa Vuli na utabiri wa Masika kwa maeneo yenye mvua mara mbili kwa mwaka, ukiwamo mkoa wa Pwani pamoja na visiwa vya Mafia, na hutoa utabiri mwingine wa mvua za Msimu, wa Novemba hadi Aprili, kwa mikoa kama Dodoma, Singida na Tabora. Sisi tulikuwa tukizisoma taarifa hizo kila mwaka. Hata hivyo, tulipoliona neno kiangazi katika muhtasari ulioandikwa kisiwani, tuliona vumbi jekundu.

Sasa irudie ile sentensi. Kwa mratibu ilimaanisha kwamba kazi ifanyike kati ya Juni na Novemba 2023, na matangi yawe tayari Desemba. Kwa wanakijiji ilimaanisha kwamba kazi ifanyike Januari na Februari 2024, na matangi yawe tayari Machi. Miezi kadhaa ilikuwa imejificha ndani ya neno moja, na kwa kuwa pande zote mbili zilikuwa zikizungumza Kiswahili, hakuna aliyefikiri kwamba mkalimani alihitajika.

Mambo yalivyokwenda

Saruji ilipakiwa Julai. Ili kuelewa maana ya kupakia saruji Julai inabidi kueleza pepo mbili zinazoutawala mwaka wa pwani. Kusi huanza kushika mwishoni mwa masika na hukomaa Juni, Julai na Agosti, wakati ambapo jua liko upande wa kaskazini mwa dunia, bara la Asia limepata joto, hewa yake imepanda juu, na upepo kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi unavutwa kuelekea huko. Kuanzia Novemba au Desemba mambo hugeuka: Asia hupoa, na upepo hutoka kaskazini-mashariki ukiwa mwepesi zaidi, nao ndio kaskazi. Kusi ni nzito, hupandisha mawimbi, na chombo kidogo cha tanga hakishindani nayo. Upepo huo huo hufika hadi kwetu katikati ya nchi ukiwa umekwisha kuacha unyevu wake njiani, ukapeperusha vumbi la Agosti na kutupasua midomo. Mratibu alikuwa akiujua upepo huo tangu utotoni. Alichokuwa hajapata kukiona ni kazi unayoifanya baharini.

Nahodha wa jahazi lililokodiwa alikataa kung'oa nanga kwa siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alikubali kwa shingo upande, baada ya kusukumwa na simu nyingi kutoka Dodoma, na baadhi ya simu hizo zilikuwa zangu. Maji yaliingia chomboni. Sehemu ya mifuko ilifika ikiwa imekwisha kuganda, na mingine iliganda taratibu katika ghala la shule kwa unyevunyevu wa chumvi ambao mtu wa Dodoma hauwazii hata kidogo, kwa kuwa kwetu mfuko wa saruji hukaa pembeni ya nyumba miezi mitatu bila kubadilika.

Mratibu alifika na fundi mwezi Agosti. Wanaume walikuwapo kijijini, wengi wao wakishona nyavu, wakikalafati vyombo na kushona matanga. Alipowataka waanze kuchimba misingi walimjibu kwa upole kwamba wakati bado. Aliwasubiri wiki mbili, akamlipa fundi posho ya kukaa bure, kisha akarudi Dodoma na kuandika katika ripoti yake kwamba "mwitikio wa jamii ni mdogo." Niliisoma ripoti hiyo na kuiamini. Nilishauri hata kipengele cha uhamasishaji kiongezwe katika bajeti, jambo ambalo leo likinijia kichwani huona haya.

Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, na mvua zilinyesha kwa wingi katika sehemu kubwa ya nchi. Mapaa matatu ya bati yaliangusha maji mchana na usiku, yakatiririka mchangani na kurudi baharini.

Kisha, katikati ya Januari 2024, mtendaji wa kijiji alimpigia mratibu simu. "Mratibu, kiangazi kimefika. Mbona kimya?" Mratibu aliipokea simu hiyo ofisini Dodoma, mvua ikigonga bati, siku moja baada ya kutoka kijijini kwao kumsaidia mama yake palizi. Aliniambia baadaye kwamba alidhani anadhihakiwa. Alikwenda kisiwani mwanzoni mwa Februari akiwa na shehena ya pili ya saruji, na safari hii kila kitu cha bahari kilikuwa chepesi: maji yalikuwa shwari, jahazi lilivuka kwa nusu siku, na hakuna mfuko uliolowa. Aliposhuka, hata hivyo, alikuta wazee, wanawake na watoto. Wanaume walikuwa dago.

Dago ni kambi ya wavuvi mbali na nyumbani. Kaskazi inapotulia, vyombo vidogo huweza kufika kwenye miamba na visiwa vya mbali, na wavuvi huhamia huko kwa wiki kadhaa au miezi, wakilala chini ya matanga, wakikausha na kuuza samaki hukohuko. Fedha za kaskazi ndizo zinazolipa ada, madeni ya dukani na mahari. Anayebaki kijijini wakati huo bila sababu huulizwa kama anaumwa.

Mratibu alimwendea nahodha mmoja mzee, ambaye hasafiri tena, na mazungumzo yao aliyaandika jioni ile katika daftari lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Safari hii umekuja na bahari nzuri."

"Bahari nzuri, mzee, lakini watu wako wapi? Si mlisema kiangazi?"

"Kiangazi si ndiyo hii? Wewe uliuliza saruji iletwe lini isilowe, tukakwambia kiangazi. Watu hukuwaulizia."

Kilichokuwa chini ya neno

Jibu la mzee linaonyesha kwamba kulisahihisha neno pekee kusingetosha. Tuseme mratibu angejua tangu mwanzo kwamba kiangazi cha kisiwani ni Januari. Bado angekwama, kwa sababu upepo unaoruhusu saruji ivuke ndio unaowachukua wanaume, na upepo unaowarudisha wanaume nyumbani ndio unaoizuia saruji bandarini. Kwetu, mvua ikikatika, kila kitu hulegea kwa pamoja: njia hupitika, watu wako nyumbani, chakula kipo, na mikono haina kazi. Ndiyo maana tumezoea kuyafikiria majira kama mlango mmoja, ambao ama umefungwa ama uko wazi. Kisiwani milango ni mingi na haifunguki pamoja. Upepo una wakati wake, mvua ina wakati wake, maji ya bahari hujaa na kupwa kwa kuufuata mwezi, na juu ya hayo kuna mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja na hivyo huyapitia majira yote polepole.

Ramadhani ndiyo iliyotudanganya katika kuhesabu watu. Mwaka 2023 ilichukua siku za mwisho za Machi na wiki tatu za mwanzo za Aprili, yaani kaskazi ilipokuwa ikiisha na masika ikianza. Wavuvi walikuwa wamerudi kutoka dago ili kufunga pamoja na familia zao, wakala Idd, kisha mvua na mwanzo wa kusi vikawabakisha nyumbani. Mratibu aliitisha mkutano wake mwanzoni mwa Mei na kukuta kijiji kimejaa wanaume kama ambavyo kisingejaa mwezi mwingine wowote. Aliwahesabu, akagawanya kazi kwa vichwa, na idadi hiyo ikaingia katika mpango kazi kana kwamba ni hali ya kudumu.

Wanawake hawakuwapo mkutanoni, isipokuwa wachache sana. Katika ripoti yake ya Mei mratibu aliandika kwamba ushiriki wa wanawake ulikuwa hafifu kutokana na mila. Nilikubali maelezo hayo bila kuyatilia shaka, kwa sababu yalikuwa maelezo ambayo mtu wa bara huwa anayo mfukoni akienda pwani. Kumbe sababu ilikuwa mwezi. Tarehe 5 Mei 2023 mwezi ulipevuka, na kwa hiyo tarehe 6 ilikuwa siku ya bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua, maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, na miamba ambayo siku nyingine hufunikwa hubaki wazi kwa muda mfupi. Huo ndio wakati wa wanawake kwenda kutafuta pweza kwa miguu, wakiwa na michokoo, yaani vijiti vyenye ncha, mikononi, na pweza wa siku tatu nne za bamvua huweza kuwa mapato yote ya nusu mwezi ya mama mwenye watoto. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, kama mikutano yote ya vijiji nchini inavyoitishwa. Mwanamke ambaye angeacha mwamba uliotoka ili akasikilize habari za saruji angekuwa wa ajabu.

Hasara ya kutokuwapo kwao haikuwa ya takwimu za ushiriki tu. Wao ndio wanaochota maji, na wao tu ndio waliojua ni lini maji huwa machungu zaidi. Sisi tulidhani ni kiangazi, mratibu kwa maana yake na wanaume wa kijiji kwa maana yao. Mkutano ulipoitishwa tena katikati ya Juni 2024, siku chache kabla ya Idd el-Haji, uliwekwa saa kumi alasiri katika siku za maji mafu, wakati ambapo bahari haipwi vya kutosha kuufunua mwamba, nami nilikuwapo. Mama mmoja wa makamo alisimama akaeleza kwamba mwezi mbaya ni Septemba na mwanzo wa Oktoba. Kiangazi visima huwa na chumvi, alisema, lakini bahari ni shwari, chombo cha maji huja karibu kila siku, na fedha za dago zinaingia. Mwisho wa kusi visima huwa na chumvi vilevile, ila chombo kimekuwa hakiji kwa wiki nyingi, na mfuko wa baba umekuwa mtupu tangu Mei. Wanaume waliokuwa wamekaa mbele walitazamana. Hakuna aliyempinga.

Maelezo yale yalibadilisha hata namna ya kuyatumia matangi. Andiko la mradi lilisema kwamba maji yatatolewa kila siku tangu tangi lijae. Sasa ilionekana kwamba maji ya masika yanapaswa kufungiwa kwa kufuli Juni na Julai, visima vingali vinanyweka, yafunguliwe tu mwishoni mwa Agosti, na kwamba funguo zikae kwa wanawake wawili ambao mkutano uliwachagua papo hapo.

Hesabu ya wazee

Nilipata siku nne za kukaa na yule nahodha mzee, kwa kuwa kusi ilikuwa imekwisha kushika na hakukuwa na chombo cha kuturudisha. Yeye huuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, Siku ya Mwaka, ile ambayo kule Makunduchi, Unguja, huadhimishwa kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo una siku 365 na hugawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na mabaharia waliutumia kujua lini kusi inavunjika na lini ni salama kuvuka, jambo ambalo kalenda ya Kiislamu, kwa kuwa inafuata mwezi, isingeweza kuwaambia. Hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, kwa hiyo nao husogea, ila polepole mno, na mzee husahihisha kwa macho. Nilimuuliza ni wakati gani ambapo bahari inaruhusu mizigo na watu wako nyumbani. Hakufikiri hata kidogo. "Demani," alisema, kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

Demani ni mwisho wa kusi, tangu mwishoni mwa Agosti hadi karibu na Novemba, wakati upepo unapolegea lakini kaskazi haijaingia. Vyombo vimekarabatiwa na vinasubiri. Wanaume bado hawajaondoka. Mvua za vuli hazijashika. Ni wiki sita, au nane mwaka ukiwa mwema. Nyumba za mawe kisiwani hujengwa demani, kuta za msikiti zilijengwa demani, na neno hilo halikutokea hata mara moja katika kurasa kumi na nne za andiko letu. Lisingeweza kutokea, kwa kuwa Dodoma hatulitumii, na sisi ndio tuliokuwa tumeshika kalamu.

Nilimuuliza pia kuhusu kimbunga Hidaya, ambacho kilikuwa kimetua Mafia tarehe 4 Mei mwaka ule ule wa 2024. Kisiwani makuti yaling'oka, ingawa mapaa ya bati yalisalimika. Alisema miongo yake haina mahali pa kitu cha namna ile. Ni kweli kwamba vimbunga ni nadra karibu na ikweta, lakini hesabu ndogo inafaa kufanywa: kile kilichoipiga Unguja mwaka 1872 na kile kilichoipiga Lindi mwaka 1952 vyote vilikuja Aprili, na Hidaya ilikuja mwanzoni mwa Mei, yaani vyote vitatu vilikuja masika, pepo zinapobadilishana zamu. Kwa sababu hiyo fundi alishauriwa afunge gata za mapaa kwa vibanio vinavyofunguka, ziweze kushushwa onyo likitolewa. Hilo ni jambo dogo, nimelitaja kwa sababu ndilo pekee ambalo sisi wa bara tulilichangia.

Demani ya 2024

Treni ya mwendokasi ilikuwa imeanza safari za Dodoma mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti mratibu alifika Dar es Salaam kwa takribani saa nne, kisha akakaa bandarini siku nne akisubiri upepo. Safari hii hakumpigia nahodha simu hata moja. Saruji ilivuka Septemba ikiwa kavu na haikulala ghalani zaidi ya wiki mbili. Mchanga na mawe vilisombwa na vijana siku za maji mafu, kwa sababu siku za bamvua walikwenda baharini, na ratiba ya kazi ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji ikiwa na safu ya tarehe na safu ya maji. Tangi la shule lilikamilika kwanza, na la msikiti likafuata mvua za kwanza za vuli zikiwa zimekwisha kuonekana upande wa mashariki. La zahanati halikujengwa. Novemba ilipoingia nusu ya vijana walikuwa wamekwisha kupakia nyavu.

Tulipokutana Dodoma kuandaa mpango wa tangi hilo la tatu, mratibu alikuwa na swali ambalo bado sijalipatia jibu zuri. Ramadhani inaendelea kurudi nyuma. Mwaka 2026 inaanza Februari, katikati ya kaskazi, na miaka inayofuata itaingia Januari. Wavuvi watakatisha dago katikati ili warudi kufunga nyumbani, na kiangazi, ambacho mwaka 2024 tulikikuta hakina wanaume, kitakuwa na wanaume kwa mwezi mzima huku bahari ikiwa shwari na saruji ikivuka bila shida. Lakini watakuwa wamefunga, chini ya jua la Februari, na mapato ya msimu yatakuwa yamekatwa vipande viwili. Kuwaomba wakati huo wachimbe msingi bila malipo ni jambo ambalo mimi nisingethubutu. Mratibu alimpigia mzee simu mbele yangu kumuuliza. Mzee akasema tangi lijengwe demani, kama mengine, na kwamba atatuarifu akiona bahari imelainika.

Fomu ya mfadhili, hata hivyo, ina kisanduku cha tarehe ya kuanza, na kisanduku hicho hakikubali neno. Mratibu aliandika 15 Septemba, akatuma. Katika daftari lake, mstari wa kazi ile ile, aliandika "demani" na chini yake namba ya simu ya mzee.